Manyoya Kwenye Filta

Mume wangu ni daktari wa mifugo, na mashine yetu ya kufua huitibu kama ng'ombe. Ikianza kulia vibaya anapiga goti mbele yake, anaiwekea kiganja ubavuni, anafumba macho, kisha anatoa hukumu. "Hii imeshiba sana," atasema, maana yake nimejaza nguo kupita kiasi. Au, "Hii tumbo inauma," maana yake kuna kitu kimekwama kwenye pampu. Siku moja nilimkuta ameiwekea sikio kabisa, nikamuuliza kama ina mimba. Hakucheka. Ukimkuta mwanamume amepiga goti bafuni na gamubuti mguuni, usitarajie acheke.

Ni ile mashine ya mlango wa mbele, wenye kioo cha duara. Tuliinunua hapa hapa Kitale kutoka kwa familia iliyokuwa inahama, na ilipofika kwetu ilinuka kama gunia lililolala mvuani. Yeye ndiye aliyeiponya. Alikunjua ule mpira mnene unaozunguka mlango, akatoa uchafu mweusi uliojificha kwenye mikunjo, akaupangusa kwa siki mpaka ukapata heshima yake. Kile kisanduku cha sabuni alikichomoa akakisugua kwa mswaki ambao yeye alidai ni wa zamani na mimi nikadai ni wangu. Miguu ya mashine akaizungusha, huu juu kidogo, ule chini kidogo, mpaka ikaacha kutembea bafuni kila ilipokuwa ikikamua nguo.

Tangu hapo tumeishi chini ya sheria zake. Mlango uachwe wazi baada ya kufua, ili ndani pakauke. Sabuni iwe kijiko tu, tena ile isiyotoa povu jingi. Mifuko ya suruali ikaguliwe. Na filta, ile iliyo nyuma ya kifuniko kidogo pale chini, isafishwe kila baada ya muda, na anayeisafisha awe ni yeye peke yake. Huikaza kwa mkono uliozoea kuvuta ndama kutoka matumboni mwa mama zao, kwa hivyo hata ungetaka kumwibia hiyo kazi usingeweza.

Mama yangu anakaa Bokoli, na hakuipenda mashine ile tangu siku aliyoiona. Tatizo lake halikuwa stima wala kelele. Lilikuwa kile kioo. Alivuta kigoda, akaketi mbele yake akaitazama kwa muda, kisha akaniuliza:

"Hizo ni nguo za nani?"

"Zetu zote, Mayi."

"Zote pamoja?"

"Pamoja."

Nilikuwa nimemfulia kitambaa chake cha kichwa, nikidhani namfanyia hisani. Wakati huo huo kikapita mbele ya kioo, kimejiviringisha kwenye mguu wa suruali ya mume wangu kama watu waliokosana na adabu.

"Toa," akasema Mama.

"Haifunguki ikiwa inafua."

"Mimi nimesema toa."

Mashine ilipomaliza alikichukua kitambaa chake, akakifua upya kwa mkono kwenye karai, akakianika juu ya ua, mbali kabisa na kamba yetu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini nilimwelewa. Kwetu Bubukusu, mama na mume wa binti yake wana haya baina yao. Hawapeani mkono. Hawatazamani usoni. Mama hawezi kulala chini ya paa la mkwe, na akija kututembelea huja mchana, hukaa jikoni, na jua likianza kushuka huwa ameshafunga leso yake kiunoni. Mume wangu kwao ni Cheptais, na huko pia mtoto hafundishwi haya hii, anakua nayo. Wale wawili walikuwa wameheshimiana miaka yote ya ndoa yetu bila kuambiana neno hata moja ana kwa ana. Salamu zao nilizibeba mimi, na nikizibeba nilizitia chumvi kidogo, maana salamu kavu hazina utamu.

Lakini haya hiyo ina njia ya kuondolewa. Mkwe huja na watu wake, mama humpa kuku, yeye humpa mama zawadi, kisha wanapeana mikono mbele ya wazee. Kuanzia siku hiyo wanaweza kuketi meza moja na kuzungumza kama binadamu. Sisi tulikuwa tumeiahirisha kwa sababu hii na ile, mpaka mwaka huu wazee wa pande zote mbili wakachoka na visingizio vyetu, wakaiweka Jumamosi. Mama alifurahi kuliko alivyofurahi nilipoolewa. Alikuwa amewatangazia akina mama wa kanisa kwamba siku hiyo ataketi kitini akiwa amejifunika lile blanketi.

Lile blanketi lazima nilieleze. Wakati wa mahari, mume wangu alipeleka ng'ombe kama watu wote, lakini blanketi la mama mkwe alilichagua mwenyewe. Lilikuwa zito, rangi ya damu ya mzee, na pindo la hariri. Mama alilipokea kwa vigelegele, akalifungia sandukuni. Kila nikimpelekea salamu za mkwe wake, jibu lilikuwa moja: "Mwambie brangeti yake iko salama." Mume wangu akisikia hivyo hutembea mabega juu siku nzima.

Basi Alhamisi ya juma lile, asubuhi, mume wangu akiwa ameondoka na pikipiki kwenda kuchanja ng'ombe huko Saboti, nikasikia hodi mlango wa jikoni. Ni Mama, na gunia kichwani.

"Yeye hayuko?" aliuliza kabla hajanisalimu. Jina la mkwe wake halijawahi kutoka kinywani mwake.

"Hayuko. Anarudi jioni."

"Basi washa hiyo kitu yako."

Alitua gunia, na ndani ya gunia mlikuwa na blanketi. Nilishangaa. Mama huyu huyu aliyesema mashine yangu haina adabu! Akanieleza kwamba Bokoli mvua haikatiki, kwamba blanketi zito namna ile likiloa haliwezi kukamuliwa na mikono yake inayouma, na kwamba Jumamosi ni kesho kutwa. Alikuwa amesikia kwamba mashine inakamua hata nguo nzito zikatoka karibu kukauka. Sharti lake lilikuwa moja. Blanketi liingie peke yake, pasiwe na uzi wa mwenye nyumba humo ndani.

"Lakini Mayi, lilikuwa sandukuni. Limechafuka na nini?"

"Vumbi."

Nililinusa. "Vumbi gani linanuka hivi?"

"Vumbi ya sanduku," akasema, akageuka kutazama dirishani kama mtu anayesubiri mgeni.

Sikumbana. Nililisukuma blanketi ndani, likajaza ngoma yote ya mashine, nikaweka kijiko cha sabuni, nikafunga mlango, nikabonyeza. Kisha nikaenda kumchemshia chai. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mama alikuwa ameniona naweka kile kijiko, na akaona aibu kwa niaba yangu. Mtu aliyelea watoto kwa mche wa sabuni, akifua kisimani mpaka povu linafika magotini, hawezi kuamini kwamba kijiko kinatosha blanketi. Akachukua pakiti ya sabuni ya unga tunayofulia viatu, akafungua kisanduku, akamimina kwa moyo wa ukarimu. Kwa mbali nilisikia kisanduku kikifungwa, nikadhani ni mashine inajifanyia mambo yake.

Chai haijachemka, mashine ikaanza kugonga. Du! Du! Du! Nikakimbia bafuni. Ndani ya kioo hapakuwa na blanketi tena, palikuwa na weupe mtupu. Povu lilikuwa linatoka kwenye kisanduku cha sabuni, linashuka polepole mbele ya mashine, linatafuta mlango wa bafu. Mashine ilijaribu kukamua, blanketi likaenda upande mmoja, ikatikisika yote, ikaugua, ikanyamaza. Taa nyekundu ikaanza kumeta. Nilivuta mlango, umefungwa. Nikazima, nikawasha, nikajaribu kutoa maji tu bila kukamua. Pampu ikanguruma kidogo kama mzee anayeamshwa, ikakata tamaa.

"Imekula brangeti," akasema Mama nyuma yangu.

"Haijakula. Maji hayatoki. Filta imeziba, na maji yakiwa ndani mlango haufunguki."

"Sasa nani anajua kuifungua?"

Nikamwambia anayejua.

Mama alikaa chini kwenye kigoda kwa kishindo. Wakati huo povu lilikuwa limeanza kuzama, na kwenye kioo, upande wa ndani, nikaona kitu. Vinywele vifupi vya hudhurungi, vingi, vimenata kwenye kioo, pamoja na kijiti cha nyasi. Nikamwangalia Mama. Mama akaangalia paa.

"Mayi. Hayo ni manyoya."

Akajaribu kusema ni ya paka. Nikamkumbusha kwamba hana paka. Hapo akavua kitambaa, akajifuta uso, akaniambia yote. Yule ng'ombe mwekundu, wa mahari, aliyekuwa mzuri kuliko wote aliopeleka mume wangu, alikuwa amekufa wiki ile akizaa. Alizaa usiku wa mvua, akaanguka, hakuinuka tena. Akabaki ndama jike, ameloa, anatetemeka, hana wa kumlamba. Mama alimsugua kwa magunia, magunia yakaloa. Alimfunika kwa leso zake, leso zikaloa. Mwisho akafungua sanduku.

"Ningefanya nini?" akaniuliza. "Iko na joto sana, hiyo brangeti. Mtoto alirara ndani yake mpaka akasimama."

Nilicheka, Mungu anisamehe, nikacheka huku machozi yakinilenga. Mama hakucheka. Aliogopa kweli. Ng'ombe wa mkwe amekufa mikononi mwake na hakusema. Blanketi la mkwe, alilosema kila siku liko salama, amelivisha mnyama. Na mkwe mwenyewe si karani wa benki ambaye ungemdanganya. Ni mtu anayejua ndama kwa kuwanusa.

"Akijua hiyo kitu, Jumamosi nitampa mkono gani?" akasema. "Watu wake watasema nilimdharau. Heri hiyo mkono isipeanwe."

Nikaona kwamba hilo si jambo la kucheka. Mama alikuwa ameingoja Jumamosi ile miaka, na sasa alikuwa tayari kuivunja kwa sababu ya konzi moja ya manyoya. Nikamwahidi kwamba mkwe wake hatajua kitu. Nikachukua koleo, nikapiga magoti, nikafungua kile kifuniko cha chini, nikaishika filta na kuisokota kwa nguvu zangu zote. Nilikuwa naongea nayo kwa upole na kwa matusi kwa zamu. Haikusogea.

Ndipo pikipiki ikaingia uani. Mvua ya Saboti ilikuwa imemrudisha kabla ya wakati. Mama aliruka kutoka bafuni mpaka jikoni kwa kasi ambayo magoti yake hayakuwa yameikumbuka tangu ujana, akajibanza nyuma ya mlango wa jikoni, akauvuta nusu. Jikoni na bafuni kwetu panatazamana. Kati yake pana ukumbi mdogo ambao mtu akikohoa upande mmoja, upande mwingine wanamwambia pole.

Mume wangu akaingia na gamubuti zake, akaona povu, akaona taulo zote za nyumba zimetandazwa chini, akaniona mimi na koleo.

"Nani amempa hii ng'ombe yangu sumu?" akauliza.

"Mama yuko jikoni," nikamwambia haraka. "Ameleta blanketi lako, anataka ling'ae Jumamosi."

Uso wake ukabadilika mara moja. Akainamisha kichwa upande wa jikoni, ingawa hakuna aliyekuwa anamwona, akasema kwa sauti ya kanisani: "Mwambie Mama karibu sana. Mwambie asiwe na wasiwasi."

"Mayi, anasema karibu," nikasema, nikiwa katikati ya ukumbi, na nikaongeza la kwangu: "Anasema kuja kwako leo ni kama kuona mvua wakati wa kiangazi."

Mume wangu akanitolea macho. Nyuma ya mlango Mama akajibu: "Mwambie mwenye nyumba asante. Mwambie nimeharibu kitu yake, anisamehe."

"Anasema mashine yako ni dhaifu," nikamwambia mume wangu.

"Sijasema hivyo!" Mama akafoka kutoka jikoni.

"Ati hajasema hivyo," nikapeleka.

"Nimesikia," akasema mume wangu. Alikuwa anauma mdomo, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba angependa sana kucheka na mama yangu, kama angeruhusiwa.

Akaanza kazi. Alichomoa waya kwenye soketi kwanza, kama afanyavyo siku zote, akaniomba karai. Kando ya filta pana kijibomba kidogo cha mpira ambacho mimi sikuwahi kukitambua. Alikivuta, akachomoa kizibo, maji ya povu yakaanza kushuka karaini taratibu kama maziwa ya ng'ombe mvivu. Karai likijaa, namwaga, narudisha. Kila niliporudi nilisimama kati yake na filta, nikajipanua kadiri nilivyoweza. Nikamwambia amechoka, amenyeshewa, aende abadilishe nguo, filta nitaitoa mimi.

"Tangu lini unapenda filta?" akauliza.

"Tangu leo."

"Sogea, bana. Unanizibia taa."

Nikasogea. Maji yalipoisha akaisokota mara moja tu, ikafunguka bila ubishi, kisaliti kabisa. Akaivuta nje. Nyuma yake likafuata bonge, limesokotana kama mkia, na kila kitu kilikuwa wazi humo: manyoya, nyasi, makapi ya pumba. Nikasikia mlango wa jikoni ukilia kidogo. Mama alikuwa anachungulia.

"Ni nyuzi," nikasema kwa sauti kubwa mno. "Mablanketi mapya yana nyuzi."

Mume wangu alilichukua lile bonge kwenye kiganja, akalisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Akatenganisha manyoya kwa kidole gumba. Akanusa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na nikaona umbuo letu liko pale, limeloa, mkononi mwa daktari.

"Nyuzi," akasema hatimaye. "Ndiyo. Blanketi nzuri huwa inatoa nyuzi."

Akalitupa ndani ya ndoo ya taka, akasafisha filta chini ya mfereji, akaingiza kidole kule ndani kuhakikisha pampu inazunguka, akarudisha kila kitu mahali pake. Usoni hapakuwa na kitu. Nilimtazama kama mtu anayetazama mawingu, nisijue kama yatanyesha.

Mlango ukafunguka, lakini shida haikuisha. Blanketi lilisuuzwa mpaka povu likatoka, ila kila mashine ilipojaribu kukamua, lilijikunja upande mmoja na ngoma ikagonga tena. Likiwa peke yake, akaeleza akielekeza sauti jikoni, halina wa kushindana naye. Linahitaji nguo nyingine nzito upande wa pili, ili ngoma ipate usawa.

"Weka taulo," nikasema.

"Taulo zote zimefuta sakafu."

Tukatazama kapu la nguo. Mlikuwa na ovaroli yake ya kazi, safi, iliyohitaji kusuuzwa tu, na mlikuwa na mashuka ya kitanda chetu. Mashuka hayo hata mimi mwenyewe, pamoja na ujeuri wangu wote, sikuyataja. Nikaenda kusimama mbele ya mlango wa jikoni.

"Mayi, anasema blanketi haliwezi kukamuliwa bila kitu kizito. Kuna ovaroli yake peke yake."

Nilijua anachokiona: lile duara la kioo, na ndani yake yeye na mkwe wake, wanazungushwa pamoja hadharani.

"Hakuna nguo yako?"

"Yangu zote ni nyepesi."

"Kwa nini unavaa nguo nyepesi?" akaniuliza kwa hasira, kana kwamba ndipo chanzo cha matatizo yote. Kisha akashusha pumzi. "Mwambie mwenye nyumba ovaroli iingie. Mashine haina mkwe."

Hilo sikuliongezea chumvi. Lilipita ukumbini lenyewe, na mume wangu akalipokea kwa kuinamisha kichwa tena.

Blanketi na ovaroli viliingia. Mashine ikavuma, ikapanda, ikapanda, isigonge hata kidogo. Mume wangu alisimama kwenye mlango wa bafu na mgongo wake jikoni. Mama alisimama nyuma ya ufa wa mlango. Wote wawili walitazama kioo kile kile, na hakuna aliyemwona mwenzake. Blanketi lilitoka karibu kavu, jekundu, linanukia. Mume wangu akatoka nje kwenda kuangalia pikipiki ambayo haikuwa na shida yoyote, ili Mama apate njia ya kuondoka, na Mama akaondoka na gunia lake kabla giza halijaingia.

Nilimchokonoa mume wangu jioni yote. Nikamuuliza filta ilikuwaje. Akasema sasa iko sawa. Nikamuuliza kama nyuzi zile zilikuwa nyingi. Akasema sabuni ni kijiko, si kijiko na pakiti, na kwamba sabuni ya viatu ataihamishia chumbani. Ijumaa ilipita hivyo hivyo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nilikuwa nangoja mshindo huo.

Jumamosi Bokoli kulijaa. Wazee wa Cheptais walifika wamevaa makoti, akina mama wa kanisa walikuwa wameshikilia sufuria tangu alfajiri, na Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake na blanketi mabegani, mgongo wima, uso umekauka. Wote walidhani ni heshima. Mimi peke yangu nilijua ni hofu. Kuku alitolewa, zawadi ikatolewa, maneno ya wazee yakasemwa, marefu kama kawaida. Kisha mzee mmoja akasema, "Sasa salimianeni."

Mume wangu akaenda akasimama mbele ya Mama. Mama akanyanyua mkono. Mume wangu akaupokea kwa mikono yake miwili. Akainua macho, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza maishani mwao, na neno la kwanza alilowahi kumwambia mama yangu lilikuwa hili:

"Mama, ndama alipona?"

Aliliuliza kwa sauti ndogo, lakini mimi nilikuwa karibu. Mama alinigeukia kwa macho ya kuua. Nikatikisa kichwa: si mimi, ni filta. Akamrudia mkwe wake.

"Alisimama," akasema. "Lakini hanyonyi vizuri. Mama yake alianguka."

"Yule mwekundu?"

"Yule mwekundu." Mama akainamisha uso. "Nilikosa kukuambia."

"Ungenipigia simu, ningekuja hiyo usiku."

"Ningekupigia aje?" akasema Mama. "Si hatukuwa tunaongea?"

Miaka yote ile nilidhani heshima yao ni kitu cha kunichekesha mimi katikati ya ukumbi. Sikuwahi kufikiri kwamba mama yangu alikesha na mnyama anayekufa, na daktari wa kumwita ni mkwe wake mwenyewe, na simu iko mfukoni. Iliniuma, na bado inaniuma.

"Nionyeshe," mume wangu akasema.

Wakaenda hivyo hivyo, bado ameushika mkono, wakapita katikati ya wageni, wakapita sufuria, mpaka zizini. Watu wakafuata wakidhani ni sehemu ya mila ambayo wao hawaijui. Ndama alikuwa amelala kwenye kona, mwekundu, mbavu zinahesabika. Mume wangu alipiga magoti kwenye samadi na suruali yake ya suti. Akamwekea kiganja ubavuni, akafumba macho, kama afanyavyo bafuni kwetu. Akamshika masikio.

"Masikio bado ni baridi," akasema. "Nitamtibu, atapona. Lakini kwanza nipatieni kitu cha kumfunika."

Watu wakaangaliana. Mmoja akasema aletewe gunia. Mama hakungoja gunia. Alilivua blanketi mabegani, mbele ya wazee wa Cheptais na akina mama wote wa kanisa waliokuja kuliona, akalitandaza juu ya ndama, na mkwe wake akashika upande wa pili, wakamfunga vizuri mpaka shingoni.

"Iko na joto sana, hiyo brangeti," Mama akamwambia.

"Ndiyo maana niliichagua, Mama," akajibu, na wote wawili wakacheka.

Mimi nilisimama pale mlangoni mwa zizi, nikalitazama lile pindo la hariri likizama kwenye nyasi na pumba, nikajua filta yangu itakula tena.